Mwamuzi Asiye na Filimbi

Katika michezo karibu yote tuijuayo yupo mtu mmoja asiyecheza, naye ndiye anayeogopwa kuliko wote wanaocheza. Mtu huyo ni mwamuzi. Mkononi ana saa, mdomoni ana filimbi, na neno lake ni sheria. Akipuliza, mchezo husimama. Akinyamaza, mchezo huendelea. Tumezoea kuwapo kwake hata twafikiri kwamba yeye ndiye aletaye haki uwanjani, kana kwamba haki ingekimbia siku ambayo yeye angeugua. Nataka, msomaji wangu, tufikiri pamoja juu ya neno hili: Mwamuzi asipoona, je, kosa limetendeka au halikutendeka? Na ikiwa limetendeka, ni juu ya nani kulisema?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata uwanjani, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Siku moja tulicheza mpira wa wavu na wageni waliotoka chuo kingine. Kila upande ulikuwa umeshinda seti mbili, na katika seti ya mwisho sisi tulikuwa na pointi 14, wao 13. Tulihitaji pointi moja tu. Kijana mmoja wa upande wa pili, mrefu kama mnazi, aliruka akaupiga mpira kwa nguvu zake zote. Nami niliruka mbele yake, mikono juu, ili niuzuie. Mpira ulipita ukaanguka nyuma yetu, nje ya mstari. Mwamuzi akapuliza filimbi, akatupa sisi pointi, na wenzangu wakanibeba mabegani.

Lakini mpira ule ulikuwa umenigusa. Uligusa ncha ya kidole changu cha kati, kwa wepesi kama unyoya, na kwa sheria ya mchezo ule pointi ilikuwa yao. Watu waliojua jambo hilo walikuwa wawili tu: mimi, na yule kijana aliyepiga. Alinitazama machoni, akangoja. Mimi nikatazama chini.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja tatu. Kwanza, nilisema kwamba kazi ya kuona ni ya mwamuzi, na kazi yangu ni kucheza. Pili, nilisema kwamba wao nao wangalinyamaza kama wangalikuwa mahali petu. Tatu, nilisema kwamba ushindi haukuwa wangu peke yangu; ulikuwa wa wenzangu, na kusema kungalikuwa kuwasaliti. Hoja zote tatu zilikuwa na sura nzuri, lakini hakuna hata moja iliyonipa usingizi. Naziweka hapa mbele yako, msomaji, kwa sababu yaelekea wewe nawe umekwisha kuzitumia, au utazitumia siku moja.

Miaka ikapita nikawa mwalimu. Katika mji ninaofundisha upo uwanja wa gofu, na katika uwanja huo yuko mchezaji wa kulipwa ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine. Ni mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka. Aliingia uwanjani humo akiwa mtoto, akibebea wenye mali mifuko ya fimbo ili apate karo ya shule. Nilimwomba aseme na wanafunzi wangu. Hakuja na hotuba. Aliketi nasi chini ya mti, akazungumza kama mtu azungumzavyo na watoto wa nduguye baada ya chakula. Mengi ninayokuandikia yalianzia hapo.

Pengine hujapata kuuona mchezo huo kwa karibu, basi nitakueleza kwa ufupi. Gofu ya leo imetoka Uskoti. Sheria zake za kwanza zijulikanazo ziliandikwa mwaka 1744 na wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh, nazo zilikuwa 13 tu. Mchezaji ana mpira mdogo usiofika gramu 46, na fimbo zisizozidi 14. Mbele yake yako mashimo 18, kila moja upana wake milimita 108, yaliyotawanyika katika uwanja mpana wenye miti, nyasi ndefu, mchanga na maji. Anayemaliza mashimo yote kwa mapigo machache kuliko wengine ndiye mshindi. Lakini wachezaji nao hutawanyika. Mmoja yuko nyuma ya mti, mwingine yumo mchangani, wa tatu anatafuta mpira wake kichakani. Ni mwamuzi gani awezaye kuwafuata wote? Kwa hiyo mchezo huo uliamua tangu zamani kumtegemea mchezaji mwenyewe. Hata katika mashindano makubwa, ambako waamuzi wapo, mchezaji hutazamiwa kulitaja kosa lake kwanza.

"Mwalimu," aliniambia mzee wetu yule, "watu hudhani kwamba nafundisha kupiga mpira. Kupiga mpira mtu hujifunza kwa miezi michache. Kuhesabu ndiko kunakochukua miaka."

Wanafunzi walicheka, naye akangoja wamalize. Kisha akawaeleza kwamba katika utoto wake aliwaona watu wazima, wenye elimu na vyeo, wakiingia kichakani na kupiga mapigo saba, wakatoka wakataja matano. "Hawakuanza kwa kumdanganya mwenzao," akasema. "Walianza kwa kujidanganya wenyewe huko huko kichakani. Nao walidhani kwamba hawaonwi, kwa kuwa aliyewaona alikuwa ni mtoto wa kubeba mfuko. Mtoto hakuulizwa. Lakini mtoto alikuwa anahesabu."

Maneno hayo yaliniingia. Mara nyingi tunaposema kwamba hakuna aliyetuona, maana yetu ni kwamba hakuna mtu mkubwa aliyetuona. Twawasahau wadogo: mtumishi, mtoto, mgeni, na yule tuliyemdhulumu mwenyewe. Hoja yangu ya kwanza ilianza kufa hapo. Mwamuzi huwekwa ili akate shauri wakati wachezaji wawili wanapotofautiana kwa nia njema. Hakuwekwa awe dhamiri ya watu ishirini. Mtu anayempa mwamuzi dhamiri yake aichunge, siku mwamuzi akigeuka upande wa pili atabaki hana kitu.

Sasa tazama jambo lililotendeka Marekani mwaka 1925. Bobby Jones, mmoja wa wachezaji wakubwa waliopata kuishi, alikuwa katika mashindano ya wazi ya nchi hiyo huko Worcester, Massachusetts. Mpira wake ulikuwa katika nyasi. Alipojitayarisha kuupiga, ulisogea kidogo. Waamuzi hawakuona. Waliokuwa karibu waliulizwa, nao hawakuona. Basi shauri likarudishwa kwake mwenyewe, naye akajihukumu adhabu ya pigo moja. Mashindano yalipokwisha, Jones na Willie Macfarlane walikuwa sawa. Wakacheza tena mashimo 18, wakawa sawa tena. Wakacheza mengine 18, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Ukipiga hesabu utaona kwamba lile pigo alilojitoza mwenyewe ndilo lililomnyima ushindi katika siku za awali. Inasemekana kwamba watu walipomsifu, hakupendezwa. Alijibu kwamba ni kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Jibu hilo lataka kutafakariwa. Je, alikosea kukataa sifa? Mmoja wa wanafunzi wangu alisema kwamba alikosea, kwani wema usiposifiwa hupotea. Nami nakubali kwamba mtoto yafaa asifiwe anaposema kweli, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini sifa ina hatari yake. Tukizoea kumpigia makofi kila asiyeiba, tutakuwa tumekiri kwamba kuiba ndiyo desturi yetu. Jones alikataa kuuhesabu uaminifu kuwa ni ushujaa. Kwake ulikuwa ni sehemu ya mchezo wenyewe, kama kushika fimbo kwa mikono. Na hapo hoja yangu ya pili nayo hufa. Mimi nilisema kwamba wengine wangalinyamaza. Huenda kweli. Lakini Jones hakuuliza wengine wangalifanya nini. Aliuliza mpira umefanya nini. Uovu wa jirani waweza kueleza kwa nini nilishawishika. Hauwezi kuugeuza uongo wangu ukawa kweli.

Mazungumzo yetu yaligeuka yakaingia katika jambo la pili, yaani hali ya moyo baada ya kukosea. Mzee alituambia kwamba hutambua tabia ya mwanafunzi wake katika hatua chache zinazofuata pigo baya. Wako watupao fimbo chini. Wako walaumuo upepo, majani, viatu, na mtoto aliyekohoa. "Mimi huwaambia," akasema, "fimbo ikirudi mfukoni, hasira nayo irudi pamoja nayo. Pigo lililokwenda halirudi. Ukilibeba moyoni, litaliharibu na lile lijalo." Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba hasira ni hasara, na kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wala usidhani kwamba kukubali kushindwa ni kazi nyepesi. Tarehe 14 Aprili 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina alikuwa akitimiza miaka 45. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, naye alicheza kwa uhodari mkubwa: mapigo 65. Katika mchezo huo, mwenzako ndiye anayeandika hesabu yako katika kadi, nawe huisoma na kutia sahihi. Mwenzake, Tommy Aaron, alikosea. Katika shimo la 17 aliandika mapigo 4 badala ya 3. De Vicenzo akatia sahihi bila kugundua kosa. Sheria ilisema, na hata leo yasema, kwamba aliyetia sahihi hesabu iliyozidi mapigo yake halisi hubaki na hesabu hiyo. Basi 65 yake ikawa 66. Badala ya kuwa sawa na Bob Goalby na kushindana naye tena, akawa nyuma kwa pigo moja, na Goalby akatangazwa mshindi.

Fikiri, msomaji, wewe ungalisema nini. Ulimwengu mzima uliona katika televisheni kwamba alipiga mapigo 3. Aliyeandika 4 hakuwa yeye. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kulalamika, ni huyo. Lakini De Vicenzo hakumlaumu Aaron, hakuwatukana waamuzi, wala hakuudharau ushindi wa Goalby. Alijilaumu mwenyewe mbele ya watu kwa upumbavu wa kutia sahihi bila kusoma. Mwaka 1970 alipewa tuzo ya uungwana michezoni inayoitwa kwa jina la yule Bobby Jones niliyekutajia. Mashindano yale aliyapoteza, lakini alipata jina ambalo washindi wengi hawakulipata.

Jambo la tatu lilihusu adabu. Mchezaji wa gofu anapokata bonge la majani kwa fimbo yake, yampasa kulirudisha au kulifukia. Akiingia mchangani, yampasa kusawazisha nyayo zake kwa reki kabla ya kuondoka. Mwenzake anapojitayarisha kupiga, yampasa kusimama kimya na kukizuia hata kivuli chake. Mzee alituonyesha alama ndogo katika majani laini karibu na shimo, ambapo mpira wa mtu ulianguka kwa kishindo na mwenyewe akaenda zake bila kupatengeneza. "Aliyefanya hivi," akasema, "hakuwa na ugomvi na mtu. Alisahau tu kwamba yuko anayekuja nyuma."

Nadhani humo mna fundisho kubwa kuliko gofu. Adabu tuliyozoea ni ile ya ana kwa ana: kumwamkia mzee, kumpisha mgeni, kushukuru baada ya kula. Adabu hiyo ni njema, nayo hulipwa papo hapo kwa sifa na baraka. Lakini iko adabu nyingine, ya kumtendea mema mtu ambaye hutamwona naye hatakujua. Mwanafunzi anayekiacha kitabu cha maktaba bila kukichana ukurasa, na anayekiacha choo cha shule kikiwa safi, humheshimu mtu asiye na uso. Hakuna atakayemshukuru. Hiyo ndiyo heshima iliyotakata, kwa kuwa haina tumaini la malipo.

Bado hoja yangu ya tatu haijajibiwa, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ushindi ni wa wenzangu. Je, nina haki ya kuugawa? Mwaka 1969, huko Royal Birkdale, Uingereza, timu za Marekani na Uingereza zilishindania Kombe la Ryder. Zilifika katika shimo la mwisho la mchezo wa mwisho zikiwa sawa. Jack Nicklaus wa Marekani alimaliza. Tony Jacklin wa Uingereza alibakiwa na pigo moja fupi, chini ya mita moja. Akilikosa, Marekani ingeshinda. Nicklaus akaiokota alama ya mpira wa Jacklin akampa, maana yake: nakuhesabia kwamba umeingiza. Timu zikawa sawa, 16 kwa 16, kwa mara ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Wako Wamarekani wenzake ambao hawakupendezwa, na kiongozi wa timu yao, Sam Snead, alikuwa mmoja wao.

Mimi naona kwamba yatupasa kutenga mambo mawili hapa. Haki ni deni. Ukarimu ni zawadi. Nicklaus alitoa zawadi, jambo ambalo sheria ilimruhusu lakini haikumlazimisha. Aliyenung'unika kwamba zawadi ile ilikuwa ya timu nzima alikuwa na neno la kusema, na watu wema waweza kulibishania. Lakini pointi yangu katika mpira wa wavu haikuwa zawadi. Ilikuwa deni. Kusema kweli hakungalikuwa kugawa mali ya wenzangu, kwa sababu haikuwa mali yao. Nilikuwa nimewapa kitu cha watu wengine, nao wakakishangilia bila kujua. Basi kama yuko niliyemsaliti siku ile, miongoni mwao ni wenzangu wenyewe, niliowavika taji lisilo lao.

Sitaki uondoke ukidhani kwamba nausifu mchezo huu pasipo kasoro. Gofu ya Kenya ilianza katika siku za ukoloni. Klabu ya Nairobi iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia katika viwanja vya namna hiyo kubeba mifuko na kukata majani, si kucheza. Huko Marekani, chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na sharti la kuwazuia wasio Wazungu mpaka mwaka 1961, na mchezaji wa kwanza mweusi katika Masters, Lee Elder, alicheza mwaka 1975. Basi walikuwako watu waliojihukumu kwa haki pale mpira uliposogea kidogo, na papo hapo wakamfungia mlango binadamu mzima bila kujihukumu. Mtu aweza kuwa mwaminifu kwa mpira akawa dhalimu kwa jirani. Mchezo ni shule ya tabia, lakini shule haimfai mwanafunzi anayeliacha somo langoni anapokwenda nyumbani.

Nawe, msomaji, una uwanja wako. Siku moja utaketi katika chumba cha mtihani, na msimamizi atageuka kutazama dirishani. Hoja zangu tatu zitakujia zimevaa nguo mpya: kazi ya kuona ni yake, wengine wote wanafanya, wazazi wangu na shule yangu wanahitaji alama hizi. Utakumbuka basi kwamba cheti ni kadi ya hesabu yako, na kwamba anayekisoma atakukabidhi mgonjwa, au daraja la kujenga, au watoto wa kufundisha, akiamini kwamba ulihesabu vema.

Kabla hatujaagana na mzee wetu, msichana mmoja alimwuliza kwa heshima, "Baba, na wewe hukupata kudanganya hata mara moja?"

Alikaa kimya kidogo. "Nilipata, mwanangu," akajibu. "Mara moja, katika shimo la 11. Naujua mti, naijua saa, na najua rangi ya fulana niliyovaa. Mashindano niliyoshinda kwa haki ni mengi, na mengi nimeyasahau. Lile sijalisahau."

Wanafunzi walinyamaza. Nami nilijikuta nakitazama kidole changu cha kati. Yule kijana mrefu sikumwona tena, wala sikupata kulijua jina lake, na deni lake sijalilipa. Nimekuandikia habari hii ili wewe usikopwe nafsi yako kwa bei ndogo kama niliyouzia mimi yangu. Siku mpira utakapokugusa, na filimbi ikakupa usichostahili, inua mkono useme: umenigusa. Pengine utapoteza mchezo, na wenzako watakununia mpaka jioni. Lakini usiku utalala.